Fedha ya Kanisa Isihesabiwe na Mtu Mmoja



Kila mwaka, ifikapo mwezi wa saba, wanafunzi wengi wa vyuo vikuu nchini Tanzania hutawanyika kwenda kufanya mafunzo kwa vitendo, au kama wenyewe wanavyosema, kwenda fildi. Wanaosomea ualimu huenda shuleni, wanaosomea uuguzi huenda hospitalini, na wanaosomea benki na fedha hupiga hodi kwenye matawi ya benki. Sisi tulikuwa miongoni mwa hao wa mwisho. Kabla ya kupokelewa katika malezi ya upadre tulisomea fani hiyo chuo kikuu, na baada ya mwaka wa pili wa masomo tulikaa wiki nane katika tawi moja la benki kwenye mji wa mkoani. Siku ya kwanza tulitia saini hati ya kutunza siri, kwa hiyo hapa hatutaitaja benki hiyo wala mtu yeyote tuliyemkuta pale.

Mafrateri wenzetu wakisikia habari hiyo hutuuliza kama zile wiki nane zina faida yoyote kwa mtu ambaye leo anashinda maktaba na Aristotle na Mtakatifu Thomas wa Akwino. Makala hii ni jibu letu. Faida ipo, tena ni kubwa. Benki ilitufundisha jambo moja ambalo parokia zetu, vigango vyetu na jumuiya zetu ndogo ndogo zinalihitaji mno: kwamba anayetunza fedha za watu asiachwe peke yake nazo. Tena kutomwacha peke yake ni njia ya kumpenda, wala si kumtuhumu.

Tulichokiona benki

Tulikwenda tukidhani tutashika fedha. Hatukuruhusiwa hata kusogea karibu nazo. Kazi zetu zilikuwa kupanga majalada, kutoa nakala za vitambulisho vya NIDA, kuwaelekeza wateja kwenye foleni, na kuwajazia fomu wazee waliosahau miwani nyumbani au ambao hawakupata kusoma. Lakini asiyeshika fedha ana nafasi ya kuangalia jinsi wengine wanavyozishika, na hicho ndicho tulichofanya kwa wiki nane.

Tuliona kwamba asubuhi chumba cha hazina hakifunguliwi na mtu mmoja. Huyu ana ufunguo, yule anajua namba, na bila wote wawili mlango haufunguki. Meneja mwenyewe, pamoja na cheo chake, hawezi kuingia peke yake.

Tuliona keshia akipokea fedha za kuanzia kazi na kutia saini, na jioni akifunga hesabu: alianza na kiasi gani, amepokea kiasi gani, ametoa kiasi gani, na zilizobaki mkononi ni ngapi. Ikipungua shilingi elfu mbili, inatafutwa. Ikizidi shilingi elfu mbili, nayo inatafutwa vilevile. Hili la pili lilitushangaza, kwa maana tulizoea kuona kwamba kilichozidi ni baraka. Tukaelezwa kwamba kilichozidi kwa keshia kimepungua kwa mtu mwingine, na huenda mtu huyo ni mama aliyeuza mahindi yake jana.

Tuliona mabunda ya noti. Noti 100 za shilingi 10,000 ni shilingi milioni moja, na kila bunda hufungwa kwa mkanda wenye alama ya aliyehesabu, ili kasoro ikionekana ijulikane ilianzia wapi. Tuliona kwamba malipo makubwa huandikwa na mtu mmoja na kuidhinishwa na mwingine. Tuliona hesabu ya kushtukiza, ambapo kazi husimama kidogo na fedha za keshia huhesabiwa bila taarifa. Tena tulielezwa kuhusu likizo ya lazima: mfanyakazi hukaa nyumbani siku kadhaa mfululizo, na mwenzake hushika kazi yake. Sababu si kupumzika tu. Kama kuna jambo limefichwa katika kazi ya mtu, hujitokeza pale mwingine anapokaa kwenye kiti chake.

Kilichotugusa zaidi ni kwamba hakuna aliyechukia. Keshia mmoja mwenye miaka mingi kazini alitueleza kwamba yeye huipenda ile hesabu ya pili. Bila hiyo, alisema, kila upungufu katika tawi ungeweza kuangukia jina lake. Akihesabiwa leo mbele ya mwenzake, kesho hakuna wa kumsingizia. Anarudi nyumbani na kulala usingizi.

Tunachokiona nyumbani

Sasa tutazame kwetu. Jumapili, Misa imekwisha, kapu la sadaka limefika sakristia. Katika parokia nyingi mambo yanakwenda vizuri: wapo wahesabu watatu au wanne, lipo daftari, ipo karatasi ya benki siku ya Jumatatu. Tunamshukuru Mungu kwa ajili ya parokia hizo. Lakini tumetumwa kwenye vigango wakati wa likizo, na tumeona pia hali nyingine. Sadaka inahesabiwa na mtu mmoja kwa sababu wengine wana haraka ya kuwahi nyumbani. Fedha inakwenda kulala kwa mtunza hazina kwa sababu benki iko mbali, na hata wakala wa karibu yuko mwendo wa saa nzima. Michango ya simu inaingia kwenye namba binafsi ya mtu, ikichanganyika na fedha zake za chakula na ada. Daftari ni moja, na linakaa kwake.

Katika hali kama hiyo, tunafahamu kigango kimoja kilichokuwa kinachangisha fedha za mabati ya kanisa. Mtunza hazina alikuwa mama mmoja mwenye heshima kubwa, mwanachama wa WAWATA, ambaye hakuna aliyemtilia shaka. Fedha zilikaa kwake sandukuni kwa miezi mingi. Siku ya kwenda kununua mabati zikahesabiwa, zikakutwa pungufu. Je, alizitumia? Je, kuna mtu nyumbani aliyezichukua? Je, kuna mchango ulioandikwa kabla haujatolewa? Hadi leo hakuna anayejua, na yeye mwenyewe hakuwa na namna ya kuonesha. Hapakuwa na saini ya pili, hapakuwa na karatasi ya benki, hapakuwa na mtu aliyehesabu pamoja naye. Aliacha kwanza uongozi, kisha akaacha kwenda jumuiya. Watoto wake walisikia maneno shuleni.

Watu husema kwamba mama yule alikiangusha kigango. Sisi tunauliza kama kigango hakikumwangusha yeye. Kilimpa heshima ya kuaminiwa, kikamnyima ulinzi wa kuaminiwa. Kama alikuwa hana hatia, kilimwacha bila shahidi. Kama alishindwa siku moja mtoto alipougua na fedha iko sandukuni, kilimwacha peke yake na kishawishi ambacho kingepungua sana kama fedha ingekuwa benki. Kwa vyovyote vile kanisa lilichelewa kupata mabati, lakini hasara kubwa zaidi ilikuwa ni mtu kupotea katika jumuiya yake.

Jambo hili si geni katika Kanisa

Wapo watakaosema kwamba tunaleta mambo ya benki madhabahuni. Tunawaomba wafungue Maandiko. Katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 8, Mtakatifu Paulo anazungumzia mchango uliokusanywa kwa ajili ya waamini maskini wa Yerusalemu. Hamtumi Tito peke yake. Anamtuma pamoja na ndugu mwingine aliyechaguliwa na makanisa yenyewe, tena anataja sababu waziwazi: hataki mtu yeyote apate la kuwalaumu kuhusu mchango huo mkubwa, na anajali kutenda vema mbele ya Bwana na mbele ya watu pia. Paulo hakuwa anamtilia shaka Tito. Alikuwa anamlinda Tito, na anaulinda mchango.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 6, wajane wa Wayahudi wenye kusema Kigiriki walisahauliwa katika ugawaji wa kila siku, na manung'uniko yakazuka. Mitume hawakuwaambia watu wawe na imani zaidi. Waliweka utaratibu: wachaguliwe wanaume saba wenye sifa njema, wapewe kazi hiyo. Na Injili ya Yohane, sura ya 12, inatuambia kwamba hata katika kundi la Bwana mwenyewe mfuko ulishikwa na mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa akichukua kilichowekwa ndani. Hatusemi kwamba kila mtunza hazina ni Yuda. Tunasema tu kwamba kukaa karibu na altare hakumfanyi mtu asijaribiwe.

Sheria za Kanisa nazo zinasema wazi. Kanuni ya 537 inataka kila parokia iwe na baraza la fedha. Kanuni ya 1284 inawataka wasimamizi wa mali ya Kanisa watunze vizuri vitabu vya mapato na matumizi, na mwisho wa kila mwaka watoe hesabu. Kanuni ya 1267 inaagiza kwamba kilichotolewa na waamini kwa lengo fulani kitumike kwa lengo hilo tu. Fedha ya mabati ni ya mabati. Kanuni ya 1287 inataka waamini wapewe hesabu ya yale waliyomtolea Kanisa. Kwa hiyo mwamini anayeuliza fedha ya ujenzi imefikia wapi hafanyi uasi. Anauliza jambo ambalo Kanisa lenyewe limekwisha kusema anapaswa kulijua.

Tena ule utaratibu wa kuandika kila fedha mara mbili, inakotoka na inakokwenda, ambao wanafunzi wa uhasibu huumia nao vichwa mwaka wa kwanza, ulichapishwa kwa mara ya kwanza kitabuni huko Venice mwaka 1494 na mtawa wa Kifransisko, Luca Pacioli. Wafanyabiashara walikuwa wanautumia tayari, lakini aliyeuandika ukasambaa ni mtu wa kanzu. Hatujui kwa nini sisi tunaojiandaa kuvaa kanzu tuuonee haya.

Wanaopinga wana hoja

Hoja ya kwanza tunayoisikia ni hii: ukiweka watu wawili kwenye kila shilingi, umeua kuaminiana, na jumuiya isiyoaminiana si jumuiya tena. Hoja hii ni nzito, na darasani tunafundishwa kutopuuza hoja nzito. Lakini inachanganya mambo mawili. Kumwamini mtu ni kuhukumu kwamba ana nia njema. Kuhesabu pamoja naye ni kukubali kwamba yeye, kama sisi, anaweza kuchoka, kusahau, kukosea na kujaribiwa. Mambo haya mawili hayapingani. Tunamwamini padre wetu, na bado Kanisa linamtaka naye apate muungamishi.

Aristotle anatufundisha kwamba fadhila hujengwa kwa mazoea: mtu huwa mwadilifu kwa kutenda matendo ya uadilifu mara nyingi. Basi utaratibu mzuri ni shule ya mazoea hayo. Keshia anayefunga hesabu yake kila jioni kwa miaka kumi amefanya tendo la uaminifu mara maelfu. Yule ambaye hakuombwa hesabu hata siku moja huenda ni mwaminifu vilevile, lakini hajapewa nafasi ya kulizoea tendo lenyewe, wala watu hawajapewa nafasi ya kuliona.

Hoja ya pili husema: kigango chetu ni maskini, fedha zenyewe ni sarafu za shilingi mia na mia mbili, kwa nini tujisumbue? Tunajibu kwa kumkumbuka mjane wa Injili na sarafu zake mbili ndogo. Bwana aliketi akaangalia watu wakitia sadaka, na akaiona ile ya mjane. Kama Yeye aliihesabu, sisi ni nani hata tuione haistahili kuhesabiwa? Tena maskini ndiye anayeumia zaidi fedha ya pamoja ikipotea, kwa sababu hana nyingine ya kurudishia.

Hoja ya tatu ni kwamba hata benki huanguka pamoja na udhibiti wake wote. Ni kweli. Mwezi Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilifuta leseni za benki tano kwa sababu hazikuwa na mtaji wa kutosha. Lakini tuangalie nani aligundua tatizo: chombo kilicho juu ya benki hizo. Anayedhibiti naye hudhibitiwa. Utaratibu hauzuii kila anguko. Unasaidia anguko lionekane mapema, kabla ya watu wengi kuumia.

Ambacho benki haikutufundisha

Isije ikaonekana tunaitakatifuza benki. Yapo tuliyoyaona pale ambayo Kanisa halipaswi kuyaiga, na mengine tuliyaona mlangoni tu.

Siku za mshahara foleni hurefuka. Katika foleni hizo tuliona watu waliokuja wawili wawili: mwenye akaunti, na mtu mwingine aliyeshika kadi ya akaunti hiyo. Huyo wa pili alikuwa mkopeshaji wa mtaani. Alimkopesha mwalimu, au mlinzi, au muuguzi, akachukua kadi yake na namba yake ya siri kama dhamana. Mshahara ukiingia, mkopeshaji anajitolea chake kwanza, na mwenye mshahara anaondoka na kilichobaki. Mwezi unaofuata kilichobaki hakitoshi, anakopa tena. Mitaani wanaiita mikopo ya kausha damu, na jina hilo halihitaji maelezo. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini hawa hata harusi hawakuiona, walikopa wakiwa tayari katika matanga.

Tanzania ina Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, inayowataka wakopeshaji wawe na leseni. Ni hatua njema. Lakini zamani za Musa tayari Mungu alikuwa ameyasemea haya. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, inamkataza mkopeshaji kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa maana huo ni uhai wa mtu. Inamtaka asimame nje ya nyumba na kumwacha mdaiwa mwenyewe amletee rehani. Na kama rehani ni vazi la maskini, alirudishe jua linapotua ili mwenyewe apate kulala nalo. Tukisoma maneno hayo tunaona kadi ya mshahara ndilo jiwe la kusagia la siku zetu.

Aristotle katika kitabu chake cha Siasa aliona riba kuwa njia ya kupata mali iliyo kinyume na maumbile kuliko zote. Anakumbusha kwamba kwa Kigiriki riba iliitwa *tokos*, yaani mtoto, kama vile fedha imezaa fedha. Mtakatifu Thomas naye aliikataa riba. Lakini Kanisa halikuishia kukataza. Mwaka 1462 huko Perugia, Italia, Wafransisko waliweka mfuko wa kuwakopesha maskini kwa rehani na kwa gharama ndogo, ili wasiende kwa wakopeshaji wa kuwanyonya. Mifuko hiyo iliitwa *Monti di Pietà*, na mwaka 1515 Mtaguso wa Tano wa Laterano uliikubali, pamoja na malipo madogo ya kuiendeshea. Kwa hiyo Kanisa limewahi kuwa mkopeshaji mwenye huruma, na SACCOS na VICOBA vingi vinavyokutana katika kumbi za parokia zetu leo vinatembea katika njia hiyohiyo, vinapoendeshwa vizuri.

Hapa ndipo tulipopata kuelewa vizuri jambo letu. Ndani ya benki, masharti makali yaliwekwa juu ya wanaoshika fedha. Pale nje kwenye foleni, masharti makali yalikuwa juu ya asiye nazo, na mwenye nazo hakuulizwa na yeyote. Kanisa linapaswa kuchukua la kwanza na kulikataa la pili. Tuwe wakali katika kuhesabu kilicho mikononi mwa wenye dhamana, na tuwe wapole kwa anayeshindwa kulipa mchango wa jumuiya mwezi huu. Mara nyingi sisi hufanya kinyume: jina la mama aliyeshindwa kutoa mchango husomwa hadharani mwisho wa ibada, lakini hesabu ya michango iliyokwisha kutolewa haisomwi mwaka mzima.

Tunachopendekeza

Tunaandika tukiwa wanafunzi wa falsafa, si wachumi wa jimbo, na tunajua parokia hazilingani. Hata hivyo yapo mambo ambayo hayahitaji kompyuta wala mtaalamu.

Kwanza, sadaka ihesabiwe na watu wasiopungua watatu ambao si wa familia moja, hapohapo kanisani, kabla ya yeyote kuondoka. Waandike kiasi kwenye karatasi mbili, wote watie saini, karatasi moja ibaki kwa paroko au katekista na nyingine kwa mtunza hazina. Wahesabu wabadilishwe kwa zamu.

Pili, fedha isilale nyumbani kwa mtu. Ipelekwe benki au kwa wakala siku inayofuata, na akaunti iwe kwa jina la parokia au kigango, yenye watia saini zaidi ya mmoja. Namba ya kulipia kwa simu nayo isajiliwe kwa jina la parokia. Hakuna sababu ya kumtwika mtu mzigo wa kutenganisha fedha ya Kanisa na ya unga katika simu moja.

Tatu, kila mwezi hesabu isomwe katika jumuiya kwa lugha ambayo bibi asiyesoma ataielewa: tulikuwa na kiasi hiki, kimeingia hiki, kimetoka hiki kwa kazi hii, kimebaki hiki.

Nne, mtunza hazina apate likizo. Amalizapo kipindi chake akabidhi kwa maandishi mbele ya mashahidi, ashukuriwe hadharani, na apumzike. Kumwacha mtu katika kazi hiyo miaka kumi na mitano kwa sababu ni mwaminifu ni kumchosha kwa ajili ya wema wake.

Tano, na hili tunalielekeza kwa walezi wetu kwa heshima yote: sisi mafrateri tufundishwe kutunza kitabu cha mapato na matumizi tungali katika miaka ya falsafa, tusisubiri hadi tukabidhiwe parokia. Kanuni ya 1741 inataja usimamizi mbaya wa mali unaolidhuru vibaya Kanisa kuwa moja ya sababu zinazoweza kumfanya paroko aondolewe katika parokia yake. Padre anaweza kuhubiri vizuri, kuimba vizuri, kuwapenda wagonjwa, kisha akajikuta amefikia hapo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwonesha jinsi ya kufunga hesabu ya mwezi. Tunaomba hata saa moja kwa wiki. Wapo waamini wahasibu na wastaafu wa benki katika parokia zetu ambao wangefurahi kuja kutufundisha bila malipo.

Kwa Kiswahili, fedha ambayo mtu anaiweka benki inaitwa amana. Ni neno hilohilo tunalolikuta katika Biblia ya Kiswahili pale Paulo anapomwambia Timotheo ailinde amana aliyokabidhiwa. Amana ni kitu cha mwingine kilichowekwa mikononi mwako kwa muda, nawe utaulizwa. Sadaka ya mjane ni amana, na jina jema la mama mtunza hazina ni amana vilevile.

Basi ndugu msomaji, utakapokutana na wenzako katika jumuiya wiki hii, baada ya sala na tafakari ya Neno, uliza kwa upole maswali mawili: nani alihesabu pamoja na mtunza hazina wetu, na imeandikwa wapi? Kama majibu yapo, mpongezeni mbele ya wote. Kama hayapo, msimlaumu. Chagueni wawili wa kukaa naye.

Tumsifu Yesu Kristo!